Hesabu Si Adui wa Mtoto: Mafumbo na Michezo ya Nyumbani na Shuleni

(Haya ni maneno ya hotuba iliyotolewa mjini Voi mbele ya wazazi, walimu na wanafunzi wa Taita Taveta.)



Kazi yangu ni ya kufasiri: hutwaa maneno ya lugha moja nikayatia katika lugha nyingine. Sikuja kwenu kama bingwa wa hesabu. Nimekuja kama mtu aliyeiogopa hesabu alipokuwa mtoto, akaja kuipenda baadaye, naye angependa watoto wa Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta wasipite katika njia ndefu aliyoipita yeye.

Wazazi wengi wakimwona mtoto ameinama chini na kokoto zake, humwambia, "Acha mchezo, kasome." Leo nataka kuwaomba mngoje kidogo kabla ya kusema hivyo. Huenda mtoto yule yumo masomoni wakati ule ule.

NGUZO ZA SHAMBA

Nilipokuwa mtoto, katika shule moja nisiyotaka kuitaja, mwalimu alituuliza swali hili: "Mtu ana mpaka ulionyooka wenye urefu wa mita 100. Ataka kusimamisha nguzo kila baada ya mita 10, kuanzia mwanzo hata mwisho. Atahitaji nguzo ngapi?" Sote tukagawanya 100 kwa 10, tukajibu kwa sauti moja: nguzo 10. Basi sote tukapigwa. Mwalimu akaandika ubaoni 11, akafuta, akaendelea na somo jingine.

Mimi nikaishika ile 11 kwa nguvu, maana nilikwisha kuilipia. Baada ya siku kadhaa swali likaja tena kwa sura nyingine. Safari hii shamba lilikuwa la mraba, lenye mzunguko wa mita 400, na nguzo zasimama kila mita 10 kulizunguka lote. Nikawaza, "Sitadanganyika tena." Nikagawanya, nikapata 40, nikaongeza moja kama nilivyofundishwa na fimbo, nikaandika 41. Nikapigwa mara ya pili, kwa kuwa jibu lilikuwa 40.

Siku ile niliamini kwamba hesabu ni kitu kisicho na haki. Ukiacha kuongeza moja wapigwa. Ukiongeza moja wapigwa vile vile.

Babu yangu aliniona nimenuna, akaniuliza habari. Yeye hakusoma shule, lakini aliokota vijiti 3 akavichomeka ardhini kwa mstari mmoja. Akasema, "Hesabu vijiti." Nikasema ni 3. "Hesabu nafasi zilizo katikati." Nikasema ni 2. Kisha akaving'oa akavichomeka upya kwa duara. "Hesabu sasa." Vijiti 3, nafasi 3. Hakusema neno la zaidi. Nikaketi pale nikiviongeza vijiti, vikawa 4, vikawa 7, vikawa 10, na kila mara mambo yalikuwa yale yale: katika mstari nguzo hushinda nafasi kwa moja, katika duara zinalingana, kwa sababu nguzo ya mwisho huwa ndiyo ya kwanza.

Fimbo ilinipa majibu mawili yasiyopatana. Vijiti vya babu vilinipa sababu moja iliyoyapatanisha. Wanangu, tangu siku hiyo sijapata kukosea swali la nguzo. Serikali ya Kenya iliipiga marufuku fimbo shuleni mwaka 2001, na hilo ni jema. Lakini kuondoa fimbo hakutoshi ikiwa hatukuweka vijiti vya babu mahali pake.

TEMBO WA SAGALLA NA HESABU YA SHUFWA

Mtu asiseme kwamba habari ya nguzo ni ya vitabuni tu. Ninyi mliotoka Sagalla mwajua zaidi yangu taabu ya kuishi jirani na mbuga ya Tsavo Mashariki. Mtu hulima, akapalilia, akangoja. Usiku mmoja tembo huingia na jasho la msimu mzima likaisha. Huko Sagalla wakulima wametumia ua wa mizinga ya nyuki, jambo ambalo mtaalamu Lucy King na wenzake wamelichunguza kwa miaka mingi. Mizinga huning'inizwa kulizunguka shamba, kila baada ya mita 10, nayo huunganishwa kwa waya. Tembo akiusukuma waya, mizinga hutikisika, nyuki hutoka, na tembo hukimbia. Tena, ili kupunguza gharama, mzinga wa kweli hufuatwa na mzinga wa bandia wa ubao, kisha wa kweli tena, hivyo hivyo kwa zamu.

Sasa, watoto, nawapa swali. Shamba lina mzunguko wa mita 240. Mizinga yote ni mingapi? Ni 24, maana huu ni mzunguko. Ya kweli ni mingapi? Ni 12, na ya bandia 12. Vema. Lakini je, kama mzunguko ungekuwa wa mita 250, tungepata mizinga 25. Je, ingewezekana kuipanga kwa zamu bila mizinga miwili ya namna moja kukaa jirani?

Haiwezekani, hata ungejaribu mchana kutwa. Kila mzinga wa kweli wahitaji mwenzake wa bandia, kwa hiyo hesabu yote lazima igawanyike kwa 2. Nambari 25 ni witiri, haigawanyiki. Mtoto akilipata hilo kwa kupanga mbegu za mahindi na maharagwe kwa duara juu ya mkeka, atakuwa amejua maana ya shufwa na witiri kuliko aliyekariri orodha yake.

Akina mama wanaosuka vikapu vya katani hulijua jambo la namna hii kwa vidole vyao. Ikiwa kikapu kina nyuzi 96 kukizunguka, na nakshi yarudiwa kila nyuzi 12, nakshi itatokea mara 8 na kufungana vizuri. Kikiwa na nyuzi 100, zitabaki 4, na nakshi itakatika mahali pa kuonekana na kila mtu. Mama asukapo kikapu, na amwite mtoto wake karibu, amwulize: "Kwa nyuzi hizi, nakshi ya ngapi itaingia bila kukatika?"

MANENO YANAYOPOTOSHA

Mimi kama mfasiri nimeona jambo jingine. Watoto wengi tunaodhani wameshindwa na hesabu, kwa kweli wameshindwa na sentensi. Sikilizeni swali hili: "Wakio ana mayai 12. Ana mayai 4 zaidi ya ndugu yake Mwadime. Je, Mwadime ana mayai mangapi?" Mtoto huliona neno "zaidi", mkono ukakimbilia kujumlisha, akaandika 16. Mwadime ana mayai 8. Mtoto anajua kujumlisha na anajua kutoa. Hakungoja kuisikia sentensi mpaka mwisho.

Hapa ndipo faida ya fumbo inapoonekana. Fumbo haliwezi kujibiwa kwa haraka. Wazee wetu walipotega vitendawili jioni, walitufundisha kusikiliza kila neno, na kushuku jibu la kwanza linalokuja kinywani. Tena fumbo laweza kutegwa kwa lugha ya nyumbani, iwe Kidawida, Kisagalla, Kitaveta au Kiswahili, na akili ikafanya kazi ile ile. Mtoto aliyezoea kufikiri kwa lugha ya mama yake atapata njia rahisi zaidi atakapolikuta swali katika Kiingereza.

Tangu mwaka 1985 hata mwaka 2023 watoto wetu waliomaliza shule ya msingi walifanya mtihani wa KCPE. Karatasi ya hesabu ilikuwa na maswali 50, na kila swali lilikuwa na majibu 4 ya kuchagua. Mtoto asiyejua lolote, akikisia tu, angeweza kutazamia kupata kama 12 au 13. Lakini fundi anayekata mbao hawezi kuchagua katika majibu manne, wala muuguzi anayepima dawa, wala mfanya biashara wa ndizi katika soko la Taveta. Hao hawaandikiwi majibu pembeni. Lazima wayatafute, tena wajue kama waliyoyapata ni kweli. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika nchini kote katika madarasa ya chini mwaka 2019, wamtaka mtoto aweze kulitenda jambo, wala si kulitaja tu. Basi mafumbo na michezo yafaa sana kwa kazi hiyo.

MICHEZO MINNE ISIYOHITAJI FEDHA

Sasa nitawaeleza michezo minne. Hakuna hata mmoja unaotaka kununuliwa kitu dukani.

Wa kwanza ni mchezo wa mawe 21. Watu wawili huweka mawe 21 katikati. Kila mmoja, kwa zamu, huchukua jiwe 1, au 2, au 3. Atakayechukua jiwe la mwisho ndiye mshindi. Waacheni watoto wacheze mara nyingi. Kwanza watadhani ni bahati. Baadaye mmoja ataona kwamba akimwachia mwenzake mawe 4, mwenzake hana budi kushindwa. Kisha ataona kwamba 8 ni vivyo hivyo, na 12, na 16, na 20. Ndipo atakapoijua siri: anayeanza na achukue 1, abakishe 20, kisha mwenzake akichukua 1 yeye achukue 3, akichukua 2 achukue 2, akichukua 3 achukue 1, ili kila mzunguko uondoe 4. Kuzidisha kwa 4 kumeingia kichwani bila kuimbwa. Nawasihi wazazi, msiwaambie siri hii. Mkiwaambia, mmewanyang'anya mchezo.

Wa pili ni wa madumu. Hapa Voi sote twajua thamani ya maji. Una pipa la maji, dumu la lita 5 na dumu la lita 3, wala hakuna alama yoyote juu yake. Unataka lita 4 kamili. Utafanyaje? Jaza dumu la 5, mimina katika la 3 mpaka lijae, zimebaki 2. Rudisha zile 3 pipani, usizimwage. Zile 2 zitie katika dumu la 3. Jaza tena dumu la 5, ulimiminie lile la 3 lililokosa lita 1. Zilizobaki katika dumu kubwa ni 4. Hayo ni matendo 6. Iko njia nyingine inayoanza kwa dumu dogo, nayo hufika kwa matendo 8. Mtoto na aitafute mwenyewe, kisha aeleze ipi ni fupi. Hapo atajifunza kwamba swali moja laweza kuwa na njia nyingi, tena njia zaweza kupimwa ubora wake.

Wa tatu ni wa chui, mbuzi na majani, fumbo linalojulikana katika pwani yetu tangu zamani. Mtu amefika ukingoni mwa mto, tuseme mto Lumi kule Taveta wakati umejaa. Ana chui, mbuzi na mzigo wa majani. Mtumbwi wachukua yeye na kitu kimoja tu. Akimwacha chui na mbuzi, mbuzi ataliwa. Akimwacha mbuzi na majani, majani yataliwa. Avuke vipi? Ugumu wa fumbo hili ni kwamba ili uende mbele huna budi mara moja kurudisha nyuma ulichokwisha kukivusha. Huvusha mbuzi, hurudi mtupu. Huvusha chui, hurudi na mbuzi. Huvusha majani, hurudi mtupu. Mwisho huvusha mbuzi. Ni safari 7. Huko Ulaya fumbo la namna hii, lenye mbwa mwitu, mbuzi na kabichi, limo katika mkusanyo wa mafumbo unaohusishwa na mwalimu Alcuin, aliyefariki mwaka 804. Watu walio mbali sana wamejifurahisha kwa tatizo lile lile.

Wa nne ni bao. Bao kamili la Kiswahili lina safu 4 zenye mashimo 8, yaani mashimo 32, na kete 64, kila mchezaji 32. Wakubwa huanza kwa namua, kete 10 zikiwa baoni na 22 mkononi. Lakini watoto huanza na bao la kujifunza, kila shimo kete 2. Asiyekuwa na bao na achimbe vishimo ardhini, atumie komwe au kokoto. Kila mchezaji ana mashimo 16, naye husambaza kete kwa kuyazunguka mashimo yake. Mwulizeni mtoto: "Ukisambaza kete 16 kutoka shimo hili, ya mwisho itaangukia wapi?" Itarudi pale pale alipoanzia. "Na zikiwa 18?" Itafika shimo la pili mbele. Mtoto amejifunza kugawanya na kutazama baki. Hesabu hii ndiyo ya saa: baada ya saa 12 mshale hurudi mahali pake. Nayo hufanana na ile tuifanyayo sisi kila siku bila kufikiri, tunaposoma 7 katika saa na kusema ni saa moja ya asubuhi.

Mtu asifikiri kwamba mambo haya tumeyaazima. Mwaka 1950, mahali paitwapo Ishango katika nchi ya Kongo, karibu na Ziwa Edward, ulipatikana mfupa uliochanjwa alama kwa makundi makundi, nao wakadiriwa kuwa na umri wa miaka ipatayo 20,000. Wataalamu hawajapatana juu ya maana ya alama hizo, lakini wengi huona ndani yake mkono wa mtu aliyekuwa akihesabu. Hesabu ni mwenyeji katika bara hili.

MASHAURI KWA WAZAZI NA WALIMU

Sasa namalizia kwa mashauri machache.

Kwanza, mtoto akijibu, iwe sawa au si sawa, mwulizeni, "Umejuaje?" Swali hilo dogo lina faida kuliko alama nyekundu kumi. Aliyekosa mara nyingi hujisahihisha mwenyewe anapoeleza, na aliyepata kwa kukisia hujulikana papo hapo.

Pili, msifanye haraka kutoa jibu. Fumbo laweza kulala siku tatu au juma zima. Mtoto atalichukua njiani aendapo kuteka maji, atalichukua malishoni, na siku moja atarudi mbio akipiga kelele. Furaha ya siku hiyo haisahauliki, nayo ndiyo itakayomvumilisha katika hesabu ngumu za mbele.

Tatu, wasichana wachezeni na wavulana kwa usawa. Isiwe kwamba jioni mvulana yuko baoni na dada yake yuko jikoni peke yake. Kazi za nyumbani zikigawanywa, wote wawili watapata nusu saa. Hata hiyo nayo ni hesabu ya kugawanya.

Nne, walimu wangu, najua madarasa yenu yamejaa na siku ni fupi. Siwaombi mtupe mtaala. Nawaomba fumbo moja tu kila Ijumaa, liandikwe pembeni mwa ubao, lijibiwe Jumatatu, na mtoto mwenye njia tofauti aitwe mbele aeleze. Kufanya hivyo kwa mwaka mmoja kutawapa watoto mafumbo mengi, wala hakuhitaji kitabu kipya.

Tano, mchezo usigeuzwe kuwa kamari. Pindi fedha iingiapo, mtoto huacha kutafuta sababu, akatafuta kushinda tu.

Iko hasara niliyokusudia kuitaja hapa. Mtoto anayejiambia akiwa na miaka kumi kwamba "mimi si mtu wa hesabu", amefunga milango ambayo hajaiona bado: ya ufundi, ya uuguzi, ya uhandisi, ya biashara, hata ya kupima shamba lake mwenyewe. Hakuna anayempigia kelele siku anapoifunga. Huifunga kimya kimya, nyuma ya darasa, ameinamisha kichwa. Nami nilikuwa na mkono juu ya mlango huo. Mzee asiyejua kusoma ndiye aliyenizuia, kwa vijiti vitatu.

Basi, watoto, kabla hatujaachana nawatega fumbo la kwenda nalo nyumbani. Choreni mraba wenye vyumba 9, vitatu kwa vitatu. Tieni nambari 1 mpaka 9, kila moja mara moja tu, ili kila safu ya kulala, kila safu ya kusimama, na kila safu ya pembe kwa pembe, ijumlike kuwa 15. Nitawapa neno moja la msaada: jiulizeni kwanza ni nambari gani ikae katikati, na kwa nini. Jibu sitalisema. Waulizeni wazee wenu mjaribu pamoja. Na wazee wakishindwa, wafundisheni kwa adabu.